Historia ya Fundi Nikolaus Kasimiri, Aliyerudi na Kovu Dogo

Mchungaji, wazee wetu, majirani na ndugu waombolezaji, mimi ni Silasi, mdogo wake marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya kaka yetu.

Nikolaus Kasimiri alizaliwa Ipuli, Tabora, tarehe 14 Mei 1938, mtoto wa pili wa Mzee Kasimiri na Mama Bernadeta, akasoma shule ya misheni ya Moravian hadi mwaka 1953, kisha akajifunza useremala, na mwaka wa Uhuru akafungua karakana yake mtaa wa Chemchem. Tarehe 8 Agosti 1964 alifunga ndoa na Flavia, wakajaliwa watoto wanne, na mwaka 1974 walihamia pamoja nasi katika kijiji hiki cha ujamaa, ambako madawati yote ya shule ni kazi ya mikono yake.

Mgongo ulianza kumsumbua mwaka 1979, maumivu yakishuka mguu wa kushoto hadi kidoleni. Mwaka 1983 kanisa lilimpeleka Uswisi kwa mafunzo ya useremala, akaanguka karakanani, na tarehe 21 Novemba madaktari wa huko wakamtibu kwa njia iliyokuwa bado changa, hawakumpasua mgongo, walipitisha kiunoni mrija mwembamba kama penseli, wakatazama ndani kwa lenzi yenye taa, wakanyofoa kipande cha kisahani laini cha kati ya pingili kilichokuwa kikibana mshipa wa fahamu. Kesho yake alitembea. Walimwonya asinyanyue kitu kizito kwa mwaka mzima.

Alirudi Aprili 1984. Desturi ya kijiji ilikuwa kwamba aliyepasuliwa hospitali anaonyesha kovu mbele ya kamati, na kovu likionekana anapumzishwa kazi za ujamaa msimu mzima. Kaka aliinua shati mkutanoni, tukaona alama isiyozidi punje ya harage, na watu wakacheka. Mmoja akauliza, "Fundi, Wazungu wamekupasua au umeumwa na mbu?" Kaka yetu mkubwa, Ambrosi, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, akasema, "Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu hadi Bagamoyo, wewe robota la tumbaku linakushinda?" Hakuna mtu wa ukoo huu aliyemtetea. Flavia alisimama, tukamwambia akae.

Tarehe 19 Juni alipangwa kupakia tumbaku kwenye lori, akabeba, akaanguka na robota begani, miguu yote miwili ikafa ganzi na haikupata nguvu tena. Vidonda vya kulala vilifuata, kisha homa, na tarehe 9 Februari 1985 alifariki hospitalini Kitete.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliomgeuza kitandani miezi yote hiyo, na mafundi wenzake wa Chemchem waliomtengenezea jeneza. Flavia alikataa historia hii kusomwa na mtu yeyote wa ukoo wetu, baadaye akakubali kwa sharti kwamba jambo la kamati lisomwe kama lilivyotokea, na Ambrosi asikilize akiwa amesimama. Amesimama, mnamwona. Hatuombi mtu yeyote atufariji leo, mfarijini yeye na watoto wake.

Kaka, hukuwa mvivu. Pumzika kwa amani, safari hii huombi ruhusa yetu.