Mijohoro ya Mama Chausiku

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni redioni, na walioko jikoni waiteni. Leo tunamkumbuka Mwamvua binti Sabiti, Mama Chausiku, mkunga wa zahanati ya kijiji kimoja jirani na Kharumwa. Tumemzika Jumanne. Mnisamehe, leo sina sauti ya kubembeleza.

Mama huyu alifika pale mwaka 1968. Alikuta desturi ya ajabu: mgonjwa haingii zahanati bila mzigo wa kuni za kuchemshia sindano. Huna kuni, huna sindano. Kilima cha kijiji kikabaki kipara. Wajawazito wakawa wanakata hadi vichaka vya makaburini!

Mama Chausiku akasema basi. Akajenga jiko la udongo linalokula vijiti tu. Kisha akaweka sharti: kondo la kila mtoto lifukiwe nyuma ya zahanati, na juu yake baba apande mjohoro. Kila mtoto na mti wake. Matawi yatapogolewa kuchemshia sindano, lakini shina haliguswi na mtu. Narudia: shina haliguswi na mtu.

"Mimi nilikuwa naionea wivu ile miti," anasema bintiye, Chausiku. "Aliisalimia kabla yangu!"

Halafu dhahabu ikaonekana bondeni. Mashimo yakataka matimba, zile nguzo za kuzuia udongo usiwafukie wachimbaji. Mwenyekiti wa kijiji akatoa ruhusa mijohoro ikatwe, Mama Chausiku akiwa harusini Mwadui. Aliporudi alikuta visiki. Akapita akiviita kimoja kimoja kwa majina ya watoto.

Haikupita wiki, wachimbaji wakamleta mwenzao Cornel, mguu umechanika.

"Shikamoo, mama! Mchome sindano upesi!"

"Marahaba. Nichemshie kuni zipi? Nileteeni mti wa mtoto Kalisti."

"Mama, lile si timba? Liko shimoni!"

"Najua liliko. Kalisti mwenyewe anajua?"

Kumbe jikoni maji yalikuwa yanatokota. Alikuwa amevunja kigoda chake mwenyewe kukifanya kuni.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumanne kaburi lilihitaji miti ya kufunikia mwanandani, lile shimo la ndani analolazwa marehemu. Mwanamke aliyeotesha msitu! Vijana wakazunguka vijiji vya jirani wakiomba miti. Na mwenyekiti, bila haya, akasimama kutuambia marehemu "alipenda sana mazingira." Watu wakaguna. Jirani wa marehemu, Bi Mageni, hakunong'ona: "Ungeleta timba moja tu, tungemsitiri mapema!"

Chausiku, na ukoo wote wa mzee Sabiti, poleni sana. Mungu amrehemu mama yetu. Nanyi mliozaliwa pale, mjiulize leo: makondo yenu yamelala chini ya nini?

Chini ya visiki. Ila visiki vimeanza kuchipua, nimeviona kwa macho yangu. Mwenyekiti, kama redio yako iko wazi, ongeza sauti: kila chipukizi tunajua ni la nani.