Ombi la Wachezaji wa Kesarwadi Kabla Maharaja Hajafika

Mgeni rasmi, Bwana Rezidenti Harcombe, mwakilishi wa Serikali ya Kiingereza katika nchi yetu, pamoja na Bibi. Wazee wetu na wageni wote mliofika,

KARIBUNI UWANJANI
Sisi wachezaji wa kriketi wa kasri la Kesarwadi tumefurahi mno kuwaona. Mtukufu Maharaja bado anafungwa kilemba, na kilemba chake hakifungwi kwa pupa. Diwani, waziri wake mkuu, naye amekwenda kumsubiri langoni, kwa hiyo leo tutasema maneno machache kuliko tulivyoruhusiwa, na ukweli mwingi kuliko tulivyoruhusiwa. Mashada mliyovishwa yametungwa na wake zetu. Wadudu wakitoka humo, mtuwie radhi.

TULIKOTOKA
Mtukufu alirudi na mchezo huu kutoka shule ya wana wa wafalme, akatuchagua kutoka jikoni, bustanini na kwenye mabanda ya tembo. Tulicheza pekupeku mpaka alipotununulia viatu. Nyumba ya Pandurang, anayewasomea risala hii, ilipoungua, vigae vipya vilitoka kasrini kabla majivu hayajapoa. Tunampenda, wala hatusemi hivyo kwa woga.

MAFANIKIO
Majirani zetu wa ng'ambo ya kilima tumewafunga mpaka wameanza kusingizia homa. Mtukufu mwenyewe, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kutolewa, yaani mpira haujawahi kuangusha vile vijiti vitatu anavyovilinda kwa gongo lake. Mipira yetu ina adabu: ikikaribia vijiti vyake, hupinda.

KILICHOTUSIBU
Baada ya mvua zilizopita alijiunga nasi Dhondiba, mfinyanzi mwenye mkono wa kasi ajabu. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshamweleza desturi. Mpira wake wa kwanza kwa Mtukufu ukang'oa kijiti cha kati.

Mwamuzi, mzee Ganpatrao, akawahi kusema, "Upepo huo."

"Upepo gani, baba?" Dhondiba akamjibu. "Mpira wangu huo. Hebu kiangalie kijiti kilikolala."

 Mtukufu alishika njia ya kasri, na jioni Dhondiba akaamriwa avuke mto, asikanyage tena nchi hii. Tangu hapo mama yake, Gangubai, akitukuta sokoni hutuambia, "Wanaume wazima nyote, hakuna hata mmoja aliyekuwa na mdomo?" Tunainamisha vichwa, tunanunua vitunguu, tunaondoka. Ana haki mama huyo, na tunaona haya.

OMBI LETU
Mheshimiwa, hatukuombi umwamuru Mtukufu amrudishe Dhondiba. Anaamriwa vya kutosha. Kodi, mahakama, reli, hata mwalimu wa mwanawe, yote huamuliwa ofisini kwako. Alichobakiwa nacho ni gongo lake na uwanja huu, ndiyo maana kijiti kimoja kilimuuma vile. Tunakueleza haya kwa heshima, maana hatudhani kama yupo mwingine atakayekueleza.

Tunaomba jambo dogo. Wewe nawe hujawahi kutolewa hapa. Utusamehe, mheshimiwa, hiyo haikuwa kazi yako, ilikuwa kazi yetu, na mwaka jana ilitutoa jasho. Leo mwenzetu Raghu atakurushia mpira wa kweli. Vijiti vikianguka, usimtazame mwamuzi. Cheka, tia gongo kwapani, nenda mpaka alipoketi Mtukufu umwambie, "Wamenitoa." Akikuona umetolewa na bado ni mkubwa yule yule, ataona kwamba kutolewa si kuvuliwa ufalme. Yanayobaki tunamwachia yeye. Moyo wake tunaujua, na Gangubai ameshaambiwa apike chakula cha watu wawili.

Ngoma hizo mnazosikia ni zake, anakuja, nasi tunaikunja karatasi. Mungu akujalie afya, neema, maisha marefu, na kwa leo tu, mchezo mfupi.

Ni sisi watiifu wenu,
Wachezaji wa Kriketi wa Kasri la Kesarwadi