Waliniita Padri, Nikanyamaza

Yesu Kristo asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele, asifiwe na ninyi mliobanana pale mlangoni! Mimi ni Furere Pascal, seremala. Wengi wenu mnanijua kwa sababu milango ya nyumba zenu inafunga vizuri, na kama kuna mlango usiofunga, basi si mimi niliyeutengeneza. Lakini leo sikuja kujisifia milango. Nimekuja kusema jinsi Mungu alivyonitoa katika uongo nilioishi ndani yake wiki saba, mchana kweupe, nikiwa na kanzu nyeupe na msalaba shingoni.

Nilizaliwa upande wa Djugu, nyumbani kwa mkulima. Nilipokubaliwa seminari ndogo, baba yangu aliutangazia mlima mzima kwamba nyumba yake itatoa padri. Ndugu zangu, Kilatini kilinishinda! Lakini nisidanganye tena, haikuwa Kilatini peke yake. Moyo wangu ulikuwa ateliye, kwenye karakana ya useremala, kwenye randa na msumeno, na katika sala zile za asubuhi tunazosali kabla ya kushika kazi. Niliomba kuwa furere, yaani mtawa: ninaweka nadhiri, sioi mke, ninaishi katika jumuiya na kumtumikia Mungu kwa mikono yangu. Misa sisomi. Kuungamisha siungamishi. Niliweka nadhiri zangu hapa hapa Bunia, katikati ya miaka ya sabini, na siku ile nilifurahi hata nikasahau kula.

Baba hakufurahi. Aliniuliza mbele ya wajomba zangu wote:

"Hauoe, hausome misa. Basi weye iko nani?"

Neno lile liliniingia likakaa. Na kila nilikokwenda nililikuta limenitangulia. Kwenye soko mama mmoja aliniuliza nitakuwa padri lini, kana kwamba mimi ni hindi changa linalongojewa kukomaa. Kwenye matanga waliniwekea kiti cha mbele, halafu walipojua mimi ni furere tu, kiti kikaondoka polepole. Nilicheka pamoja nao, lakini ndani nilikuwa naumia. Ikafika mahali nikalichukia hilo jina furere, jina ambalo nililiomba mwenyewe kwa machozi!

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mkubwa wa jumuiya yetu alinituma kwenye kijiji kimoja mlimani, pembeni ya barabara ya Komanda, nikajenge paa la kanisa na kutengeneza viti. Lori liliniacha njiani. Kutoka pale gari halipiti, kwa sababu daraja la mto lilikuwa limeanguka, na tangu lianguke hakuna padri aliyefika. Waamini walikuwa wanasali na katekista wao, Bernard, mtu mmoja mwembamba, mkali, anayejua nyimbo zote kwa kichwa. Misa walikuwa wameisahau harufu.

Sasa sikilizeni kosa langu. Mimi ni seremala, kanzu siivai safarini. Lakini siku ile nilipofika karibu na kijiji niliitoa kwenye mfuko, nikaivaa. Najua kwa nini niliivaa. Nilitaka waone amekuja mtu mkubwa.

Waliona! Wanawake walipiga vigelegele, ngoma ikalia, watu wakakimbia kutoka mashambani na majembe yao. "Padri amekuja! Padri amefika!" Bernard akapiga magoti kwenye vumbi, akangoja nimbariki. Nilifungua mdomo niseme, Bwana Bernard, simama, mimi ni furere. Ndugu zangu, mdomo ulifunguka, ukajifunga. Nikajiambia nitawaeleza jioni. Jioni walileta kuku. Nikajiambia nitawaeleza kesho.

Siku ya tatu Bernard akaniuliza misa itakuwa lini. Hapo ndipo ningeweza kujiokoa, na hapo ndipo nilijizika. Nilimwambia: "Misa itasomwa siku paa litakapokwisha." Lo! Maneno yale yalizunguka kijiji kabla sijamaliza kunawa mikono. Watu walileta miti, walipasua mbao, wazee walibeba misumari kana kwamba wanabeba mayai. Na mimi nilipopanda juu na nyundo, walisema chini hawajaona padri kama huyu, padri anayeshika msumeno mwenyewe! Sifa ile ilikuwa tamu. Niseme wazi, ilikuwa tamu sana.

Lakini paa lilikuwa linapanda, na siku yangu ilikuwa inakaribia. Basi nikaanza kuchelewesha kazi ya Mungu. Nilipima mara nne ubao niliokwisha kuupima. Nilikata ubao ukawa mfupi, kwa makusudi, nikasema msumeno umeharibika. Maungio niliyoyafunga vizuri asubuhi niliyafungua saa kumi. Fundi anayejua kazi yake, anaiharibu kwa mkono wake mwenyewe! Na sala ziliniacha. Nilishika rozari nikahesabu shanga tu. Nilikuwa mnafiki, ndugu zangu, mnafiki aliyelishwa vizuri.

Katika wapasua mbao kulikuwa na Muzee Anselme, mzee mwenye kikohozi, hodari wa kazi na hodari zaidi wa matusi. Wiki ya saba kifua chake kilimwangusha. Asubuhi moja, jua limetoka tu, nilikuwa nimekwisha kupanda juu ya paa nikamwona mke wake, Mama Régine, anakuja mbio.

"Padri, shuka! Muzee anakufa. Anakuita weye."

Nilishuka. Kanzu yangu ilikuwa inaning'inia kwenye tawi. Mama yule aliichukua mwenyewe, akaipangusa vumbi, akanivika kama mtu anayemvika mtoto wake siku ya komunyo ya kwanza. Nikamfuata.

Nyumbani watu wote walitoka nje ili Muzee aungame. Tulibaki wawili. Alikuwa amelala kwenye mkeka, pumzi inakwaruza. Akasema:

"Padri, unibariki. Iko neno moja nimelificha miaka mingi."

Mkono wangu ulipanda. Msinihukumu haraka, sikuuamuru, ulikuwa umezoea uongo, ulipanda wenyewe! Nikauona mbele ya macho yangu. Nikaona kidole gumba, ukucha mweusi kwa kupigwa nyundo, na vumbi la mbao katika mistari ya kiganja. Huu ni mkono wa seremala. Ndugu zangu, hauwezi kufungua dhambi ya mtu! Muzee huyu atamwaga moyo wake hapa, atakufa akijua amesamehewa, na mimi nitakuwa nimemwibia kitu ambacho siwezi kukirudisha. Nikashusha mkono.

"Muzee, nyamaza. Usiseme hiyo neno. Miye hapana padri. Miye iko furere. Niliwadanganya."

Akanikazia macho. "Weye hapana padri?"

"Hapana, Muzee."

"Basi nitakufa namna gani, na hii neno ndani ya roho?"

Kwa swali lile nilianguka. Nilianguka kifudifudi pale karibu na mkeka, nikalia kwa sauti, mpaka watu wakaingia. Nikawaambia wote. Mama Régine alijishika kichwa. Bernard hakupiga kelele. Alisema tu, "Siye tulipiga magoti mbele yako," akaangalia ukutani. Nilitamani ardhi inimeze!

Hapo, katika aibu ile, nilisali sala ya kwanza ya kweli tangu nifike. Nilisema: Bwana, nimeharibu kila kitu. Mimi utanihukumu baadaye. Sasa mpe huyu mzee padri wake. Nikaamini atampa. Na nguvu ikanijia! Sina namna nyingine ya kuisema. Nilisimama nikijua la kufanya, kama vile fundi anavyojua pa kupiga msumari.

Kwenda Bunia kumleta padri na kurudi naye ni safari mbili, na Muzee alikuwa na pumzi ya safari moja. Basi tutambeba. Nilikimbia kanisani nikachukua fito mbili ndefu zilizokuwa zinangoja kupandishwa juu. Kitambaa cha kulalia? Nikavua kanzu. Nikaifunga vifungo vyote, nikapitisha fito ndani yake na katika mikono yake, nikakaza kwa kamba, nikatandika blanketi juu. Kikawa kipoyi kizuri, kitanda cha kubebea mgonjwa. Kanzu ile ilikuwa imenisaidia kudanganya watu, na asubuhi ile ilifanya kazi yake ya kwanza ya haki!

Nikashika mbele. Nikabaki na singlet, fulana ya ndani, nangoja nani atashika nyuma. Watu walisimama tu. Halafu Bernard akajisogeza, akainama.

"Beba," akasema. "Hasira yangu tutaongea njiani."

Wanaume wanne walikuwa wanapokezana nyuma. Mbele nilikataa kupokewa. Mabega yalichubuka, damu ikatoka, nikaimba. Kwenye mto maji yalitufika kifuani, tukainua kipoyi juu ya vichwa, nami nikamwita Mungu kwa kila jina ninalolijua. Hatukuteleza! Na Muzee, pale juu, alikuwa ananitukana.

"Furere ya uongo! Tikisa polepole!"

Ndugu zangu, sijawahi kusikia matusi matamu kama yale. Kila alipotukana nilijua bado anapumua. Akinyamaza, mimi ndiye niliyekuwa nakata roho. Nikamwambia, Muzee, tukana tena, tafadhali. Hata Bernard akacheka, ingawa hakutaka nimwone.

Tuliingia Bunia jua bado liko juu. Wapo hapa waliotuona tukipita barabarani, furere amevaa singlet, matope mpaka kiunoni, na watu wanauliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa! Tulimfikisha parokiani, paroko akatoka, akamwona Muzee, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Sisi tukakaa chini kwenye ukuta. Neno lile alilolificha Muzee silijui mpaka leo, na namshukuru Mungu kwamba silijui.

Mlango ulipofunguka, Muzee alikuwa amepakwa mafuta matakatifu, uso wake umelainika kama wa mtu aliyetua mzigo. Nilisogea karibu nisikie maneno yake ya mwisho. Akasema:

"Furere, njaa inaniuma."

Haleluya! Alikula ugali, alikula na maharage, akapelekwa kupata dawa, na kifua kikapona. Bwana ni mwema!

Mimi nilikwenda kuungama, halafu nikamweleza mkubwa wangu yote. Niliomba anitume mbali, popote pasipo watu wanaonijua. Akasema: "Utarudi kule. Paa halijaisha." Nilikwenda nikiogopa kuliko siku ya kipoyi. Jumapili, baada ya sala, nilisimama mbele ya waamini nikiwa na nguo zangu za kazi, nikasema nilivyowafanyia, tangu kuku wa kwanza mpaka ubao niliokata mfupi. Nikaomba msamaha. Akasimama Mama Régine.

"Kuku tulikula pamoja," akasema. "Bwana yangu iko muzima nyumbani, na analalamika chakula. Furere, panda juu, umalize. Mvua inakuja."

Watu wakacheka, wengine wakalia, Bernard akaanzisha wimbo. Mambo yaliyonishinda wiki saba yaliisha kwa siku tisa! Paroko akaja kwa miguu, akavuka mto ule ule na viatu mkononi. Alipoinua hostia chini ya mabati mapya, mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti nilichokitengeneza, katikati ya waamini. Nilitafuta moyoni ule wivu wa zamani kwa mapadri. Haukuwapo! Mungu alikuwa ameung'oa, na pale ulipokuwa ameweka furaha. Nililia kwa furaha ya kuwa furere. Tangu siku ile, miaka yote hii, haijanitoka.

Kwa hiyo namshukuru Mungu Baba, namshukuru Mama Maria aliyenishika pale mtoni. Nawashukuru watu wa mlima ule walionisamehe kabla sijastahili. Ninamshukuru Bernard, ambaye amekaa pale kushoto, amekuja toka mbali kuhakikisha ninasema yote. Nimesema yote, Bernard?

Na wewe ndugu yangu, dada yangu, unayejificha nyuma ya jina lisilo lako, unayeogopa kwamba ukijulikana ulivyo hutabaki na mtu: mwamini Mungu. Alinijua seremala, akanitaka seremala. Na wewe anakujua. Na kama una neno ulilolificha miaka mingi, usingoje mpaka ulale kwenye mkeka. Mapadri wapo hapa Bunia, milango yao ni wazi. Ukiogopa kwenda peke yako, kesho asubuhi nitakuwa ateliye, nyuma ya parokia. Njoo. Mimi siwezi kukuungamisha. Lakini nitakusindikiza mpaka mlangoni, na kama miguu imekataa, nitakubeba.