Kidole Gumba na Amplifaya ya Kitahana

Ndugu zangu wa Kasulu, nimetoka Kitahana kuja kuwaambia habari za mkono huu wa kulia. Msiniangalie kwa huruma, nisikilizeni tu.

Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya tulianza kujenga kanisa. Mimi nilikuwa mkulima, tena mpiga gitaa wa kwaya. Siku ya kuezeka nilikuwa juu napokea nyasi, fito ikavunjika, nikaangukia mkono. Hospitalini Kibondo walinifunga mkono, mfupa ukaunga, lakini vidole havikurudi. Kidole gumba peke yake ndicho kilichonitii.

Nawaambia, mwanamume asiyeweza kushika jembe huwa mgeni nyumbani kwake. Mke wangu alilima mihogo, akapalilia maharage, akarudi kuniogesha. Mimi nilikaa kibarazani. Shemeji zangu walipokuja kutusaidia nilijifanya nimelala.

Nikajaribu kurudi kwenye kwaya. Kwa kidole kimoja gitaa lilinong'ona tu. Waimbaji wakilifunika, hata mimi silisikii. Mwalimu wa kwaya aliniomba kwa upole nipumzike kwanza. Nilijua maana yake.

Ndipo mchungaji wetu akaleta amplifaya aliyopewa na rafiki zake. Ilikuwa kasha lenye spika, inatumia betri ya gari, na kuna kidude cha kunasa sauti kinachobandikwa kwenye ubao wa gitaa. Akasema hiyo ni yangu. Nilifurahi mno, kumbe ndiyo iliyokuja kuniaibisha kuliko siku ya kuanguka.

Jumapili iliyofuata waliiweka nyuma yangu, imenielekea mgongoni, sauti imefunguliwa hadi mwisho. Hatukujua kuwa ni makosa. Kabla sijagusa uzi, ikapiga mbinja kali ya kupasua masikio. Watoto wachanga wakalia. Bibi mmoja akatoka nje ameziba masikio. Nikanyoosha mkono huu kuzima, wa kushoto umeshika gitaa, na vidole hivi vikateleza juu ya kile kifundo cha kuzungushia sauti. Vikateleza tena. Ndugu zangu, kanisa zima linanitazama, nami siwezi kuzungusha kitu ambacho mtoto angekizungusha! Mke wangu alitoka kwenye mabenchi ya akina mama, akachomoa waya, akarudi kuketi.

Nikasema basi. Hata kuomba niliacha. Nilikuwa nikitaja Imana, jina letu la Mungu, kisha sijui niendelee na neno gani.

Siku moja mchana mke wangu alitoka shamba, akanawa, akanichukua mpaka kanisani. Hapakuwa na mtu. Nikamwuliza tumefuata nini, mimi siwezi chochote.

Akasema, "Baba watoto, masikio yako hayakuanguka kutoka juu ya paa. Wewe sema unasikia nini. Mimi nitazungusha."

Tukaanza. Aliteremsha sauti yote kwanza, ndipo akaunga betri. Akapandisha kidogo kidogo. Ilipoanza kunguruma nilimwambia arudishe. Tulihamisha kasha mara huku, mara kule, tukagundua kwamba likikaa mbele yangu na kutazama mabenchi, halipigi mbinja. Bado nyuzi nene zilivuma kama nyuki mzingani. Nikamwambia apunguze besi. Alipunguza, kisha akavua kitambaa chake cha kichwa akakishindilia ndani ya tundu la gitaa. Mvumo ukakatika.

Nikagusa uzi mmoja kwa gumba. Sauti ikaenda mpaka ukuta wa mwisho, safi. Nikapiga mwanzo wa wimbo wetu wa mavuno. Nje, mama mmoja aliyekuwa akianika mihogo akaudaka, akaimba. Hakujua ni nani anayepiga. Mimi nilishindwa kuendelea, machozi yalinizidi.

Tangu hapo napigia kwaya kwa kidole kimoja. Mke wangu huketi karibu na kasha, nikimwangalia anajua apandishe sauti au ateremshe.

Nawashukuru vijana wanaopeleka betri Kibondo kwa baiskeli ikachajiwe. Namshukuru mchungaji, na mwalimu wa kwaya aliyenirudisha. Mke wangu yuko pale, nakosa hata maneno ya kumshukuru.

Sikusema nimepona. Kuna siku bado nakaa kibarazani na giza moyoni. Ninalowaachia ni hili: ukishindwa, usijifanye umelala. Mwambie aliye karibu unahitaji nini. Shati hili mnaloliona, vifungo vyake amevifunga mke wangu leo asubuhi, kimoja kimoja, na sioni haya.