Muuguzi Verna Kuziak na Saa ya Kumeza Kidonge

Ijumaa, tarehe 27 Juni, Muuguzi Verna Kuziak anastaafu baada ya kuitumikia kliniki yetu ya saratani kwa miaka thelathini na mmoja. Alifika hapa Yorkton wakati kliniki ikiwa vyumba viwili nyuma ya maabara, na mashine ya kahawa ndiyo iliyokuwa kifaa cha kisasa kuliko vyote.

Verna alizaliwa kwenye shamba la ngano nje ya mji wa Canora, binti wa tano kati ya sita. Alisomea uuguzi jijini Regina, akafanya kazi wodi ya upasuaji, kisha akaja kwetu upande wa dripu za tibakemikali. Wengi wetu ametufundisha kutafuta mshipa kwenye mkono uliochoka kuchomwa. Yeye huutafuta huku akimsimulia mgonjwa habari za timu yake ya mchezo wa kusukuma mawe barafuni, ambayo imefungwa kila msimu tunaoukumbuka. Kikaoni hajawahi kuwahi hata siku moja. Ila huingia na sinia la perogi za moto, vile vijisambusa vya kuchemsha vilivyojaa viazi, na mwenyekiti huwa wa kwanza kuchukua.

Lakini kazi atakayokumbukwa nayo zaidi ni nyingine. Mgonjwa wa saratani ya matiti akimaliza upasuaji, dripu na mionzi, watu humpigia makofi wakidhani yamekwisha. Kwa wengi, hapo ndipo kinapoanza kidonge cha kuzuia homoni, kimoja kila siku, kwa miaka mitano au kumi. Hakuna anayeletewa maua kwa kumeza kidonge. Verna aliomba wagonjwa hao wawe wake, akapewa chumba cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha lisilofunguka.

Humo ndimo alimokuwa Ardith Halvorsen, dereva wa basi la shule, asubuhi moja ya Desemba. Daktari alikuwa ameshamuuliza kama anameza dawa, naye akajibu kwamba hana shida. Mimi, mfamasia wenu, nilikuwa nimepita kumletea Verna dawa za mgonjwa mwingine. Verna alikuwa anampima Ardith presha. Kila alipokuja kabla ya hapo, kwa joto linaloletwa na kidonge hicho, mama huyo alikuwa akijipepea kwa glavu zake hata theluji ikimwagika nje. Siku hiyo alikaa ametulia, sweta la sufu limefungwa vifungo mpaka shingoni.

“Leo hujipepei, mama,” Verna akamwambia.

“Nimepoa siku hizi.”

“Umepoa, au umeacha?”

Nilitaka kutoka, Ardith akanipungia mkono nibaki. Kisha akakiri. Alikuwa ameacha tangu mavuno. Kila asubuhi alimeza kidonge na kahawa, na kila asubuhi, basi likishashika barabara, kichefuchefu kilimpanda.

“Siku moja nimesimamisha basi, natapika kwenye majani, watoto wote wamebandika nyuso dirishani,” akasema. “Mle nina watoto wa watu, Verna. Usukani ukinitoka je? Nikaona bora saratani iniue mimi peke yangu.”

Verna hakumkaripia. Alivua stetoskopu, akakaa kitandani karibu naye.

“Haya, nieleze siku yako. Unaamka, halafu?”

“Na daktari nimemdanganya.”

“Daktari ana watoto watatu nyumbani, anadanganywa kila siku. Twende ukamwambie.”

Wakaenda wote wawili. Dkt. Sandhu alimpima, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia anataka arudi kwenye dawa. Akaeleza kwamba kwa kidonge chake hakuna saa inayojulikana kuizuia saratani vizuri kuliko nyingine. Cha muhimu ni kila siku, basi achague saa ambayo mwili wake unaivumilia.

“Sasa nani aliniambia ni asubuhi?” Ardith akauliza.

“Kahawa yako,” Verna akamjibu, na Ardith akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Walianza na saa ya kulala. Baada ya wiki Ardith akapiga simu. Kichefuchefu kimekwisha, lakini joto linamwamsha, shuka zinaloa chapachapa. “Lyle kahamia kwenye kochi,” akasema. Lyle ni mumewe. “Anasema analala na jiko la kuni!”

“Mwache Lyle na kochi lake. Tusogeze tena. Ila usimeze viwili kufidia, sikia?”

Safari hii wakachagua chakula cha jioni, basi likiwa limeshaegeshwa na watoto wako kwao. Hapo pakamfaa. Si kwamba alijisikia vizuri. Joto lilimpanda akiwa sebuleni, akawa anafungua mlango wa nyuma katikati ya Januari, na Lyle akajifunza kutazama mpira wa magongo kwenye televisheni akiwa amevaa koti na kofia. Lakini asubuhi Ardith aliendesha kichwa kikiwa kizima, na kidonge kilimezwa.

Tangu hapo Verna humuuliza kila mgonjwa habari za siku yake kabla ya kuuliza habari za dawa, na sote tumemwiga. Si wote waliosaidika hivyo. Mwalimu mmoja wa piano alihamisha saa mpaka akaishiwa saa, vidole bado vinamuuma. Verna alimwambia waziwazi kwamba tatizo si saa, wakaenda kwa daktari, akabadilishiwa dawa. Mwingine aliamua kuacha kabisa, akijua yote ya kujua. Verna bado humpigia simu kila siku yake ya kuzaliwa.

Msimu wa majani kupukutika uliopita, Ardith alitimiza miaka kumi ya kidonge. Dkt. Sandhu akamwambia sasa aache. Tulimwandalia keki. Hakuigusa. Akaenda moja kwa moja chumba cha mwisho, mlango ukiwa wazi.

“Watu wananipongeza, mimi naogopa,” akasema. “Jana tumekula, nimebaki mezani sijui mikono niiweke wapi. Kile kidonge nilikichukia, Verna. Sasa nani ananilinda?”

Wengine tungekimbilia kumwambia asiogope. Verna alimvutia kiti.

“Sijui, Ardith,” akasema. “Tutakupima kila mwaka, na ukiona kitu chochote unanipigia. Zaidi ya hapo sijui.” Kisha akamuuliza, “Leo jioni mnakula nini?”

“Supu ya bitiruti.”

“Basi wekeni sahani yangu.”

Alikwenda kweli, na, cha ajabu, aliwahi. Lyle ndiye aliyetusimulia. Anasema walikula, wakabishana kuhusu barabara mpya, wakaongeza supu, na hakuna aliyetaja kidonge. Ardith alipotazama saa ya ukutani, ile saa yake ya kidonge ilikuwa imepita kitambo. Akainuka akaosha vyombo.

Verna, asante kwa miaka yote hiyo, na kwa kila meza uliyokaa na mtu mpaka hofu yake ikapungua. Uishi vyema huko uendako, siku zako ziwe nyingi na nyepesi, na mlango wetu uusukume tu bila kubisha hodi.