Mjomba Ampofo na Kisahani cha Badu

Mjomba Nyarko Ampofo anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya kulitumikia ghala letu la kakao hapa Goaso kwa miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa mpakiaji, anatoka akiwa msimamizi wa wapakiaji wote. Ndiye aliyetufundisha kuitambua kakao mbichi kwa masikio: ukitikisa gunia likanyamaza, lirudishe juani.

Kila Jumatano mchana aliomba ruhusa, akavaa shati safi na kupanda gari la kwenda mji wa Sunyani. Sisi tukajua tu, kuna mwanamke. Tulimtania miaka nenda rudi: "Mjomba, huyo bibi wa Sunyani anakupa nini ambacho mkeo hana?" Naye alijibu, "Usingizi, wapwa zangu, usingizi mtamu!" Ghala zima likaangua kicheko.

Mwaka jana mwenzetu Yaw Badu alikaa chini kando ya mzani akaanza kulia, asiweze kueleza kwa nini. Alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliporudi, tulimpokea vizuri mpaka chakula kilipoiva. Hapa kwetu fufu, ugali laini wa kutwangwa, huliwa bakuli moja, mikono yote ndani, na usiyekula naye ndiye uliyemkataa. Badu alikuta ametengewa kisahani chake pembeni.

Mama Serwaa, mpishi wetu, alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi barabarani: "Ugonjwa wa kichwa hupita kwenye mate, jamani. Mimi nina watoto!"

Mjomba Ampofo aliinuka, akaketi karibu na Badu, akachovya tonge kwenye kisahani kile.

"Mama Serwaa," akasema, "mate yangu mnayala tangu zamani. Mimi kila Jumatano naenda kliniki ya akili. Bibi yangu wa Sunyani ndiye huyo. Haya, aliyekwisha kuambukizwa wazimu wangu hapa anyooshe mkono!"

Mikono ilibaki juu ya bakuli, mchuzi wa mawese ukitudondokea magotini. Mzee wa kicheko kile, shemasi wa kanisa, anameza dawa za akili? Sikuamini hadi alipotoa vidonge mfukoni. Akatueleza bila haya: dawa, kulala vya kutosha, mtu wa kuzungumza naye, na kusema "leo siwezi" kabla hujaanguka.

Mama Serwaa alikinyakua kisahani, akakimimina kwenye bakuli kubwa. "Basi sogeeni," akafoka, "mnamnyima Badu nafasi!"

Mshtuko mkubwa zaidi nimeupata juzi. Badu mwenyewe ameniomba niandike haya, tena kwa jina lake. Siku ile aliporudi kutoka hospitali, alikuwa amekuja kutuaga. Alikwisha kuamua asiione kesho yake, ila alitaka kwanza kujua kama bado ana watu. Jibu letu la kwanza lilikuwa kile kisahani; la pili, lililombakiza, lilikuwa tonge la Mjomba.

Mjomba Ampofo, ghala linakushukuru kwa kazi yako. Kwa ajili ya Badu, tumekosa neno la kutosha. Tunakuombea afya, miaka mingi ya raha nyumbani, na wajukuu wa kukuchosha. Mmoja anakuja Agosti. Badu na mkewe wamekwisha kusema: awe wa kiume au wa kike, ataitwa Ampofo.