Hezroni wa Ikombe, Mvuvi Aliyependa Chuma

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Hezroni wa Ikombe, aliyezikwa Jumamosi kando ya Ziwa Nyasa. Amefariki akiwa mzee sana, nyumbani kwake, wanawe wakiwa wamemzunguka. Kazi yake ilikuwa uvuvi. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye chuma.

Turudi enzi za Mjerumani, kabla ya ile vita kubwa. Hezroni alikuwa kijana, ameoa karibuni. Mkewe, Atuganile, alikuwa mfinyanzi, kama wanawake wengi wa Kikisi. Asubuhi Hezroni alikuwa ziwani. Mchana, wenzake wakijilaza kivulini, yeye aliingia kwenye kibanda chake nyuma ya jiko, akafua chuma. Hakuna aliyemtuma. Hakuna alichouza. Alipenda tu kuona kitu kigumu kinalainika, kinakubali.

Fuawe lake la kugongea chuma lilikuwa jiwe la ziwani. Mivukuto ya kupulizia moto aliishona mwenyewe kwa ngozi za mbuzi. Bomba la udongo la kupeleka upepo motoni alilifinyanga Atuganile, akalichoma pamoja na vyungu vyake. Ufundi wenyewe Hezroni aliudokoa kwa macho, kutoka kwa Mzee Chaula, mhunzi wa Kikinga aliyeshuka milimani kila kiangazi kubadilisha majembe kwa vyungu na samaki.

Bibi Atuganile bado yupo nasi, na kicheko chake bado kipo. Alituambia hivi: "Ndoana yake ya kwanza, samaki walikuja wakaitazama, wakaenda zao. Nilimwambia, baba, labda hawajazoea. Akafua nyingine."

Basi, vita ikaja. Wanaume walikamatwa njiani kubeba mizigo ya jeshi. Mmoja wao alikuwa Raphaeli, jirani yao. Alichukuliwa akiwa ameanza kuchonga mtumbwi. Gogo likabaki ufukweni, nusu limechongwa. Mkewe, Elizabeth, akabaki na watoto wadogo na hana chombo cha kuvulia.

Mzee Enoki, fundi wa mitumbwi, alimhurumia. Akaja na tezo yake, kile kishoka cha kuchongea, akaendelea pale Raphaeli alipoishia. Siku moja tezo ikagonga kifundo cha mti, ikavunjika ulimi, yaani chuma chake cha kukatia. Ilikuwa tezo pekee pale Ikombe. Na Mzee Chaula hakuwa ameshuka mwaka ule, kwa sababu ya vita.

Wasikilizaji wapendwa, gogo lililochongwa nusu halisubiri. Jua likilipiga, linapasuka. Elizabeth alilifunika kwa majani ya migomba, akalimwagia maji asubuhi na jioni. Lakini nyufa ndogo zilishaanza kuonekana.

Hezroni akaenda kwa Mzee Enoki. "Nipe hiyo tezo nijaribu."

"Wewe wa ndoana?" Mzee Enoki alimwangalia. Akaangalia gogo. Akampa.

Hezroni alifua kwa uangalifu wake wote. Atuganile akivuta mivukuto, yeye akigonga, mpaka ulimi mpya ukatokea, mwembamba, mzuri. Kisha akafanya kile ambacho nyumba yao yote ingefanya. Akauzika ule ulimi ndani ya majivu ya moto ili upoe polepole. Ndivyo walivyojua. Chungu kikitoka motoni hukipeleki mbio kwenye baridi. Kinapasuka, na kazi yako yote imekwisha.

Kesho yake Mzee Enoki alipiga gogo. Makali yakajikunja kama jani.

"Hezroni, mwanangu," akasema, "nilikupa tezo. Umenirudishia mwiko wa ugali."

Watu walicheka. Elizabeth hakucheka. Alimfuata Hezroni hadi nyumbani, akasimama mlangoni. "Shemeji, usiiache," alisema. "Sina mwingine wa kumwomba."

Nani apande mlimani kumuuliza Mzee Chaula? Mwanaume angekamatwa njiani. Atuganile akafunga vyungu vyake, akajitwika. "Mimi nauza vyungu," alisema. "Nani atanikamata?"

Alipanda milima ya Ukinga, akafika kwa Mzee Chaula. Kwa desturi ya wahunzi wale, mwanamke haingii penye mivukuto. Kwa hiyo mzee alitoka, akaongea naye kwenye ua. Atuganile alieleza yote, na habari ya majivu pia.

Mzee Chaula alicheka mpaka akashikilia uzio. "Mmepika chuma kama chungu. Sikiliza, mwanangu. Udongo unataka kubembelezwa. Chuma cha kukatia kinataka kushtuliwa. Kikiwa chekundu, kichovye majini, ulimi tu. Kisha kisugue kwenye jiwe king'ae, kirudishe karibu na moto, taratibu. Kikipata rangi ya jani la mgomba lililokauka, kitoe. Usipokirudisha, kitavunjika." Kisha akauliza: "Na mivukuto, nani anamvutia?"

"Mimi."

Mzee alitazama mbali kidogo. "Hilo sijalisikia," alisema. "Nikilisikia itabidi nikukataze."

Hakuchukua chungu hata kimoja kwa maneno yale. Tena alimpa viazi vya njiani. Atuganile akamshukuru kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga, tata," akashuka.

Sasa ikabaki kuchovya. Hezroni alifua upya ule ulimi. Atuganile akaleta chungu cha maji, akakiweka miguuni pake. Chuma kikawa chekundu. Hezroni alikishika kwa koleo juu ya maji, mkono ukagoma. Aliogopa. Kingepasuka, tezo ingekwisha, na mtumbwi wa Elizabeth ungekuwa kuni.

Bibi Atuganile anakumbuka: "Hata mimi nilifumba macho. Maisha yangu yote nimeambiwa usifanye hivyo. Nikamwambia, chovya, baba. Mzee hawezi kunidanganya, tena alinipa viazi."

Akachovya. Chuma kililia, mvuke ukajaa kibanda. Hakikupasuka. Wakakisugua, wakakirudisha kwenye joto, wakaingojea ile rangi wakiwa wameinama vichwa pamoja. Ilipokuja, wakakitoa.

Mzee Enoki alipiga pigo la kwanza. Kibanzi kikaruka. Akapiga tena. Akaendelea mpaka jua likazama, na habari ya mwiko wa ugali hakuitaja tena.

Mtumbwi uliingia majini kabla ya mvua. Watoto wa Elizabeth walikula samaki mwaka ule wote. Raphaeli alirudi vita ilipokwisha, amekonda, akakuta chombo chake kinaelea.

Baada ya hapo watu walimtaka Hezroni awafulie majembe. Alikataa. "Majembe ni ya Mzee Chaula," aliwaambia. "Mimi hapa nacheza." Akacheza hivyo hadi uzeeni, mkewe akimvutia mivukuto.

Kwako Bibi Atuganile, na kwa wana na wajukuu wote wa Ikombe, poleni sana. Mungu awashike mkono katika siku hizi. Mmempoteza mtu mwema, nasi tumempoteza pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tuondoke na fikra moja. Pengine hapo nyumbani kwenu yupo mtu anayejifunza kitu kwa kupenda tu, na bado anakosea. Kabla hujamcheka, sogea karibu umuulize: nikushikie nini?